Walikuja na maswali, wakaondoka na namba: tuelewe namna za kuchunguza mioyo ya watu



Makanisa yetu ya Kabambare na Kasongo yamezoea wageni wenye karatasi za maswali. Siku hizi wanakuja na simu kubwa mkononi, wanagusa kioo badala ya kuandika. Wanafika baada ya watu kukimbia vijiji, au baada ya risasi kulia kandokando ya machimbo ya Salamabila. Wanauliza: Mama, unalala vizuri? Unaota ndoto za mambo yaliyopita? Unashtuka ukisikia kishindo? Kisha wanashukuru, wanapanda pikipiki, wanakwenda. Miezi inapita, na siku moja redio inatangaza kwamba watu kadhaa kati ya mia katika mashariki ya nchi wana jeraha la nafsi. Hapo mzee wa kanisa anatuuliza: walijuaje?

Swali lake ni zuri, na mara nyingi tunalijibu vibaya. Wengine wetu tunaamini kila namba kwa kuwa imetoka kwa wasomi. Wengine tunasema ni biashara ya mashirika, tunafunga masikio. Lakini kwa neno hilo hilo la "uchunguzi umesema," msaada unapelekwa kijiji kimoja na kijiji cha jirani kinaachwa. Na kwa ushuhuda wa mtu mmoja tu, mtoto anaweza kufukuzwa nyumbani kwao. Kwa hiyo tumeona vema kueleza, kwa maneno ya kawaida, namna ambazo wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa watu, wanazitumia ili kueleza hali ilivyo. Ziko kadhaa, na kila moja inajua jambo lake na haijui la mwenzake.

Namna ya kwanza ni kutazama. Mchunguzi anakaa mahali watu wanapoishi, anaangalia wanavyofanya bila kuwaelekeza, anaandika. Nehemia alifanya karibu hivyo alipozunguka kuta za Yerusalemu usiku kabla ya kumwambia mtu neno lolote. Katika saikolojia, mfano mkubwa unatoka kwa majirani zetu wa Uganda. Mwaka 1954 mama mmoja mtaalamu, Mary Ainsworth, alifika Kampala, akaanza kutembelea nyumba za Waganda wenye watoto wachanga katika vijiji vya karibu na mji. Zilikuwa familia 26. Alirudi kila baada ya majuma mawili hivi, akikaa kama saa mbili, pamoja na mkalimani, kwa miezi mingi. Aliona jinsi mtoto anavyotambaa kwenda kuchunguza kitu, kisha anageuka kumtazama mama, kisha anarudi mapajani mwake, kisha anakwenda tena. Mama alikuwa kama kituo ambacho mtoto anatokea na kurudia. Aliona pia kwamba watoto wa akina mama wanaoyajua vizuri mambo madogo madogo ya mtoto wao walikuwa na utulivu zaidi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, na mpaka leo masomo ya malezi duniani yanasimama juu ya yale aliyoyaona katika nyumba hizo.

Nguvu ya kutazama ni hiyo: unaona jambo ambalo hakuna mtu angekuambia hata ukimwuliza, kwa sababu yeye mwenyewe halioni. Udhaifu wake nao tunaujua vizuri. Mgeni akiingia nyumbani, mtoto anapigwa maji usoni, viti vinatolewa nje, sauti zinashuka. Mchungaji akitembelea nyumba ya waumini anadhani ameona ndoa yao. Ameona ndoa yao mbele ya mchungaji. Ndiyo sababu Ainsworth alirudi tena na tena, mpaka watu wakachoka kumfanyia adabu. Tena familia 26 ni familia 26. Zinaweza kufungua macho, haziwezi kukuambia ni watoto wangapi katika nchi nzima wako hivyo.

Namna ya pili ni kumfuata mtu mmoja, au watu wachache, kwa kina. Tarehe 13 Septemba 1848, katika mji wa Cavendish huko Marekani, msimamizi wa kazi ya reli aitwaye Phineas Gage alikuwa anashindilia baruti ndani ya mwamba, kazi ambayo vijana wetu wa machimboni wanaifahamu. Baruti ikawaka. Fimbo ya chuma yenye urefu wa zaidi ya mita moja ikaingia chini ya shavu lake na kutokea juu ya kichwa. Hakufa. Daktari wake, John Harlow, aliandika habari zake, na baadaye akaeleza kwamba tabia ya mtu yule ilikuwa imebadilika: mtu mtulivu na wa kuaminika alikuwa mkali na asiyeshika neno. Habari hiyo moja iliwafanya waganga wafikiri kwamba sehemu ya mbele ya ubongo inahusika na mwenendo wa mtu. Baada ya miaka watu waliongeza chumvi nyingi juu ya Gage, wakamfanya mlevi na mzururaji, hali alifanya kazi ya kuendesha magari ya farasi huko Chile kwa miaka kadhaa kabla ya kufa mwaka 1860.

Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu makanisa yetu yanapenda sana namna hii. Tunaiita ushuhuda. Mtu anasimama, anaeleza maisha yake, na sisi sote tunaguswa. Hakuna ubaya. Ubaya unaanza tunapochukua habari ya mmoja na kuifanya sheria ya wote. Mmoja anasimulia kwamba katika nyumba fulani mtoto alikuwa anakojoa kitandani, analia usiku, anasema maneno yasiyoeleweka. Baadaye baba akapoteza kazi na mtoto mdogo akafa. Basi, kuanzia siku hiyo, kila mtoto anayekojoa kitandani mtaani anatazamwa kwa jicho la uchawi. Wataalamu wanaojua watoto wa vita wangesema kwamba kukojoa kitandani na kulia usiku ni mambo yanayoonekana mara nyingi kwa mtoto aliyeona nyumba ikichomwa. Habari ya mtu mmoja inaweza kuanzisha swali, haiwezi kulifunga. Na katika nchi yetu sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, hata mshitaki akiwa na joho la kanisa.

Namna ya tatu ni ile ya wageni wa simu kubwa: kuuliza watu wengi maswali yale yale. Mfano unaotajwa mara nyingi kwa upande wetu wa mashariki ulichapishwa mwaka 2010 katika jarida la waganga la Marekani. Wachunguzi wakiongozwa na Kirsten Johnson waliuliza watu wazima 998 katika sehemu za Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri. Walikuta kwamba asilimia 41 hivi walikuwa na dalili za huzuni kubwa ya kudumu, na asilimia 50 walikuwa na dalili za jeraha la nafsi linalofuata mambo ya kutisha. Wanawake 4 hivi kati ya 10 walisema wamefanyiwa ukatili wa kingono. Na wanaume? Zaidi ya mmoja kati ya 5. Namba hiyo ya mwisho iliwashangaza wengi, kwa sababu wanaume hawasemi. Mpaka wakaulizwa faraghani, wote kwa swali lile lile.

Watu 998 wanawezaje kusemea maelfu na maelfu? Mama akipika sombe hali chungu kizima ili kujua kama chumvi imetosha. Anakoroga vizuri, anaonja kijiko kimoja. Kazi yote iko katika kukoroga. Wachunguzi wakichagua nyumba kwa kura, bila kuchagua za barabarani au za marafiki wa chifu, kijiko kinasema kweli juu ya chungu. Wakiwauliza watu waliokuja wenyewe kwa kuwa walisikia kuna sabuni, wameonja povu la juu.

Lakini kijiko kinasemea chungu chake tu. Maniema haikuwamo katika uchunguzi ule. Tumesikia watu wakiitaja ile nusu kana kwamba ilihesabiwa Kabambare. Inawezekana kwetu hali ni mbaya vile, au zaidi, au pungufu. Namba ile haisemi. Tena inasema juu ya dalili zilizotajwa katika majibu, si juu ya ugonjwa uliothibitishwa na mganga aliyekaa na kila mtu.

Kuna na jambo la lugha. Swali limeandikwa kwa Kifaransa, limegeuzwa Kiswahili, kisha mwulizaji analigeuza tena Kibangubangu au Kizimba akiwa amesimama mlangoni. Mama anayesema "moyo unaniuma" anaweza kumaanisha kifua, huzuni, au hasira kwa mume. Na kuna jambo la nani anauliza. Katika mojawapo ya parokia zetu, kamati yetu wenyewe iliwahi kuwauliza akina mama kuhusu usingizi na hofu. Tuliwauliza baada ya ibada, uani, mchungaji akiwa amesimama hatua chache akisalimia watu. Karibu wote walijibu: "Tunamshukuru Bwana, tuko salama." Tuliandika hivyo. Tulikuwa tumepima adabu ya akina mama mbele ya mchungaji, na tukaiita amani.

Namna ya nne inahitaji maneno machache: kusoma maandishi yaliyokwisha kuwekwa. Wachunguzi wa chuo cha Harvard walipitia kumbukumbu za wanawake 4,311 waliotibiwa katika hospitali ya Panzi, Bukavu, kuanzia 2004 hadi 2008. Hakuna aliyelazimika kusimulia upya machungu yake. Lakini daftari la hospitali linawajua waliofika hospitali. Mama wa kijiji cha mbali, asiye na nauli, hayumo.

Sasa, mambo mawili yakionekana pamoja, watu huruka upesi kusema moja limezaa lingine. Tukisema watoto wa kwaya wanalala vizuri kuliko wengine, je, kwaya inawapa usingizi? Huenda. Au mtoto asiyelala hana nguvu ya kuja mazoezini. Au wa kwaya ni wale ambao wazazi wao wangali hai, nao wanakula jioni. Sisi watu wa kanisa tungependa jibu la kwanza, na kwa hiyo ndilo tunalopaswa kulishuku zaidi.

Kasongo penyewe imefundisha dunia katika jambo hili, ingawa ilikuwa habari ya uzazi. Katika miaka ya 1970 kulikuwa na mradi wa afya wa Kasongo uliofanywa pamoja na taasisi ya tiba ya Antwerp, Ubelgiji. Wauguzi waliandika alama za hatari za akina mama wajawazito, kisha wakaangalia nani hasa alikwama wakati wa kuzaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1984: asilimia 71 ya waliokwama hawakuwa wametambuliwa mapema, na asilimia 90 ya waliowekwa katika kundi la hatari hawakupata tatizo lile. Alama ilikuwa na uhusiano na tatizo, lakini haikuweza kumwambia mama fulani yatakayompata. Tukumbuke hilo tunaposikia kwamba kijana aliyelelewa kati ya watu wa bunduki "lazima" atakuwa mkatili.

Ili kujua kama jambo moja kweli linaleta lingine, kueleza hali hakutoshi. Inabidi kujaribu na kulinganisha. Hilo nalo limefanyika mashariki ya Congo. Judith Bass na wenzake walichapisha mwaka 2013 habari za wanawake 405 waliofanyiwa ukatili, katika vijiji 15. Kura ndiyo iliyogawa vijiji: katika 7 wanawake walipata mafundisho ya kikundi ya kuponya mawazo yaliyojeruhiwa, katika 8 walipata msaada wa kusikilizwa mmoja mmoja. Wasaidizi walikuwa wanawake wa huku huku. Baada ya miezi sita, wenye dalili za huzuni au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 katika vijiji vya mafundisho, na 42 katika vile vingine. Hapo mtu anaweza kusema "kwa sababu ya," kwa kuwa ni kura iliyogawa, wala si utashi wa watu.

Kwa hiyo wageni wakija tena, wazee wa kanisa wana haki ya kuwauliza kabla ya kuwapa benchi. Mnatazama, mnamfuata mtu mmoja, mnauliza wengi, au mnasoma madaftari? Mmezichaguaje nyumba? Nani ataulizwa na nani, kwa lugha gani, na nani atakuwa karibu akisikia? Mama akikataa kujibu, atapoteza kitu? Majibu yatarudi kwetu lini? Mchunguzi mwema hakasiriki kwa maswali haya. Mara nyingi anafurahi.

Kamati yetu ilirudia kazi yake. Safari hii waliouliza walikuwa wanawake, kwa Kibangubangu, nyumbani, siku ambayo si ya ibada, na nyumba zilipatikana kwa kura iliyopigwa kwa vipande vya karatasi ndani ya kofia. Majibu hayakufanana na yale ya uani hata kidogo. Parokia mbili ng'ambo ya mto Luama hazikufikiwa kwa sababu ya njia, nasi tumeandika hivyo katika ukurasa wa kwanza wa ripoti, ili mtu yeyote asije akasema kwamba nazo zilihesabiwa.