Nani atawaona vijana wanaopambana na ufukara Palma?

Na Mwandishi Maalumu, Palma

NI Alhamisi jioni hapa Palma, kaskazini mwa pwani ya Cabo Delgado. Kijana mmoja niliyemfundisha darasa la tano anabisha hodi, mkononi ana karatasi sita zilizokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Shikamoo mwalimu. Nimekuja unisaidie kujaza fomu," ananiambia.

Ni fomu ya tuzo. Ipo taasisi moja ya nje, ambayo sitaitaja, inayotafuta vijana wajasiriamali wanaopambana na ufukara uliokithiri katika jamii zao. Mshindi hupewa fedha pamoja na tiketi ya ndege ya kwenda kupongezwa mbele ya watu.

Fomu imeandikwa kwa Kireno na Kiingereza. Kijana huyu anasema Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, na Kireno cha kuombea njia kwenye kizuizi cha barabarani.

Mimi nilisoma Mtwara, nikiwa mtoto wa wakimbizi wa vita vile vya kwanza vilivyomalizwa na mkataba wa Roma wa mwaka 1992. Kiingereza kidogo nilichorudi nacho ndicho kinachoniletea wageni wa namna hii.

Swali la kwanza linataka jina la asasi, namba ya usajili na namba ya mlipa kodi. Kikundi chao hakina hata kimoja kati ya hivyo. Kitambulisho chake mwenyewe kiliteketea pamoja na nyumba yao Machi 2021, mji wetu uliposhambuliwa.

Wako vijana tisa, wa kike na wa kiume, wote waliorudi. Wengine walikimbilia Pemba, wengine walivuka Ruvuma.

Wenzangu mnaofanya biashara ya ng'onda kati ya hapa na Mtwara mnaijua hesabu ifuatayo. Mama anayekausha samaki akikosa mtaji humwendea tajiri alfajiri. Tajiri humpa fedha, chumvi na pengine turubai la kuanikia. Samaki wakikauka, anayenunua ni tajiri yule yule, na bei anapanga yeye.

Mama hakuibiwa wala hakudanganywa. Lakini kila mwezi anaanza upya pale pale alipokuwa.

Vijana hawa walianza na upatu wao, ule ambao Maputo wanauita xitique: metikali mia moja kwa kila mmoja kila wiki. Badala ya kupeana kwa zamu, walikubaliana kwamba duru mbili za kwanza zinunue magunia ya chumvi na masanduku mawili ya barafu.

Chumvi wanawakopesha akina mama waliorudi mikono mitupu. Mama hulipa akishauza, na anauza popote apendapo, kwa yeyote amtakaye. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito wote, nalo halina nafasi yake ndani ya fomu.

Swali la saba linauliza: umewatoa watu wangapi katika ufukara uliokithiri?

Nilimfafanulia kwamba Benki ya Dunia, tangu Juni 2025, inahesabu kuwa fukara wa kiwango hicho ni anayeishi kwa chini ya dola 3 kwa siku. Kabla ya hapo ilikuwa dola 2.15. Akanyamaza kidogo.

"Andika wanawake wanane, mwalimu. Lakini wawili wamerudi kwa tajiri. Mmoja mtoto wake aliugua. Mwingine mumewe aliichukua ile chumvi akaiuza."

"Basi niandike sita?"

"Wanane walitoka, wawili wakarudi. Hakuna pa kuandika hivyo?"

Hapakuwa na pa kuandika hivyo.

WALIOTANGULIA

Sisemi kwamba tuzo hazina faida. Kennedy Odede alianza kazi yake Kibera, Nairobi, mwaka 2004 kwa kununua mpira wa miguu na kuwakusanya vijana wenzake. Shirika lililozaliwa na mpira ule, SHOFCO, lilipewa tuzo ya Hilton ya dola milioni 2 mwaka 2018. Hiyo ni miaka 14 baadaye.

Mwenzake Wawira Njiru alianza mwaka 2012 huko Ruiru kwa kuwapikia watoto 25 wa shule. Mwaka 2018 ndipo Global Citizen ilipomtunuku kama kiongozi kijana.

Anayenigusa zaidi mimi niliyekulia ugenini ni Abdullahi Mire. Alikulia katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, akapata makazi Norway, kisha akaamua kurudi Kenya. Alipopewa Tuzo ya Nansen ya UNHCR mwaka 2023, alikuwa amekwisha kuwafikishia wakimbizi vitabu 100,000.

Hebu wachukueni watatu hao katika mwaka wao wa kwanza, muwape fomu ya kijana wangu. Mwenye mpira angejibu nini swali la saba?

Tuzo humkuta mtu akiwa amekwisha kuvuka mto. Huku kwetu shida ni kwamba wengi wanaweza kuzama kabla ya hapo, na wapo wengine wanaowaangalia. Baadhi ya vijana wa pwani hii, kabla na baada ya Oktoba 2017 vita vilipoanza Mocímboa da Praia, walivutwa na wapiganaji kwa fedha na ahadi za mtaji wa biashara. Wale hawakudai namba ya mlipa kodi.

Kwa hiyo mimi ningependa mtoa tuzo aje akae siku mbili ufukweni, awaulize wanaokausha samaki nani amewakopesha chumvi na kwa masharti gani. Mkalimani hatakosekana.

Jambo lililotukwamisha kabisa lilikuwa ukurasa wa mwisho. Walitaka jina moja na picha ya mwanzilishi.

"Tuko tisa," alisema kijana. "Nikiandika langu, nikirudi na fedha, upatu umekufa."

Nilimwambia wengi wangeandika tu. Akazikunja karatasi zake, akaondoka nazo bila kujaza.

Jumamosi alirudi. Kwenye nafasi ya jina walikuwa wamebanana wote tisa, herufi ndogo ndogo, wengine wameandikwa pembeni mpaka ukingo wa karatasi. Kwenye swali la saba aliniomba niandike kwa Kireno: wanane, wawili wamerudi, tunawafuatilia.

Tukapiga picha kurasa zote kwa simu yangu, tukasubiri mtandao hadi karibu saa nne usiku ndipo zikaenda.

Mpaka naandika makala haya hatujapata jibu. Yule mama ambaye mtoto wake aliugua amechukua tena nusu gunia.