Gari Kuukuu, Injini Timamu: Matunzo ya Nyumbani kwa Wakazi wa Mpakani



Magari mengi yanayotuhudumia Busia, Malaba, Mutukula na Katuna ni ya miaka mingi: Corolla za kabureta, pikapu za kubebea ndizi na samaki, na teksi zilizokwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa. Umri wa gari si kosa. Kosa huanza mwenye gari anapoipuuza injini mpaka ikazimika usiku katikati ya msururu wa malori, huku ndani mna mgonjwa anayewahishwa hospitali. Anayevuka Katuna kuingia Rwanda huhama pia kutoka upande wa kushoto wa barabara kwenda wa kulia; mahali kama hapo, gari linalozimazima ni hatari maradufu. Kazi ifuatayo huweza kufanywa na mwenye gari mwenyewe kwa asubuhi moja.

Kwanza, jihadhari. Liegeshe gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, uiache injini ipoe, kisha fungua waya hasi wa betri. Sigara na jiko viwe mbali. Wakati wa kuijaribu injini, gari liwe nje, kamwe lisiwe ndani ya banda lililofungwa: moshi wake una kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu kabla hajatambua.

Pili, chujio la hewa. Lichomoe ulitazame kwenye mwanga. Ikiwa mwanga haupenyi kwa sababu ya vumbi, libadilishe. Chujio lililoziba huinyima injini hewa. Petroli huzidi, moshi huwa mweusi na matumizi ya mafuta hupanda.

Tatu, plagi. Chomoa moja, ikague, irudishe, ndipo uende kwa nyingine, ili nyaya zisichanganyike. Katika injini nyingi za silinda nne mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na waya mmoja ukikosewa injini itatetemeka au itakataa kuwaka kabisa. Rangi ya plagi ni ushahidi. Kahawia hafifu ni dalili ya afya. Masizi makavu meusi huonyesha petroli iliyozidi au chujio lililoziba. Ikilowa oili, pengine ringi au mihuri ya valvu imechakaa, na hapo mwite fundi. Ikiwa nyeupe, injini inapata joto kupita kiasi au petroli haitoshi. Pengo la plagi katika magari mengi ya zamani ni karibu milimita 0.8, hata hivyo, kipimo cha kitabu cha gari lako ndicho cha kufuata. Irudishe kwa vidole kwanza, ndipo utumie spana, usije ukaharibu nyuzi za kichwa cha injini.

Nne, distribyuta. Fungua kofia yake utafute nyufa, unyevu na kutu. Gari likiwa na platini, pengo lake huwa aghalabu kati ya milimita 0.4 na 0.5, likipimwa platini zikiwa zimeachana kabisa. Kumbuka kwamba ukibadili pengo hilo, wakati wa cheche nao hubadilika. Mwombe fundi mwenye taa ya kupimia aukamilishe.

Tano, petroli. Wako wanaonunua petroli ya madumu kando ya njia za panya. Mbali na kuvunja sheria, petroli hiyo huweza kuwa na maji au kuchanganywa na mafuta ya taa. Maji ni mazito kuliko petroli. Hutuama chini ya tangi na kuiziba njia ya kabureta. Badilisha chujio la petroli, na ununue kituoni.

Mwisho, rudisha waya wa betri, angalia oili, maji na mkanda wa feni, kisha washa injini ipate moto. Ndipo ulegeze au ukaze skurubu ya mwendo wa kabureta, kidogo kidogo, mpaka injini ingurume kwa utulivu bila kukanyagwa.

Liko jambo linalotuhusu sisi askari moja kwa moja. Unaposafisha injini, utaiona namba iliyogongwa kwenye chuma chake. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo; usiikwangue kwa tupa wala msasa. Askari akikagua gari huilinganisha namba hiyo na ile iliyo katika hati ya usajili, na namba iliyokwanguliwa ni dalili ya gari la wizi, hata kama mwenyewe hana hatia. Ukibadilisha injini, hati nayo irekebishwe kabla hujavuka mpaka. Ukinunua kipuri kilichotumika, dai risiti yenye jina la muuzaji: bei ya kutupa mara nyingi hutokana na gari la jirani lililoibwa upande wa pili.

Ikiwa pamoja na hayo yote gari litazimika njiani, lisukumeni nje ya barabara, wekeni pembetatu za tahadhari mbele na nyuma, abiria wakae mbali na lami, kisha mpigieni simu askari wa kituo cha karibu. Msingoje giza liingie.