Mito Mitatu ya Babu

Sogeeni, watoto, niwaeleze habari za babu mmoja wa Pangani aliyeanza kulala ameketi.

Alizoea mto mmoja. Ikawa miwili, kisha mitatu, na usiku wa manane huamka anahema, akaenda dirishani kutafuta hewa. Akiulizwa husema, "Uzee huu, mjukuu wangu."

Mjukuu, binti wa darasa la tano, hakuridhika. Alikwisha kuona kandambili zikimbana babu hadi zinamwachia alama. Akambonyeza kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo cha mguu, akahesabu hadi tano, akaachia. Kishimo kikabaki pale pale.

Kwa nini? Moyo ni pampu. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo wake husukuma kama lita 5 za damu kila dakika. Presha ya kupanda ikikaa miaka mingi bila tiba, huuchosha. Moyo uliochoka husukuma damu kwa shida, figo nazo huzuia chumvi na maji, na maji hayo hutuama miguuni. Mgonjwa akijilaza, sehemu ya maji hayo hurudi juu, mapafu yanalemewa, pumzi inambana. Haukuwa uzee hata kidogo!

Hospitali wakampa vidonge vya kupunguza maji na vya kuusaidia moyo, wakamwonya asiviache hata akijisikia mzima. Nyumbani, kila asubuhi, akitoka msalani na kabla ya chai, babu hupanda mizani, mjukuu anaandika kwenye daftari. Uzito ukizidi kwa zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hajanenepa, ni maji, na hapo hawangoji tarehe ya kliniki.

Kazi kubwa ilikuwa ng'onda. Babu anampenda samaki yule, na chumvi yake ni nyingi mno. Bibi akahamia samaki wabichi kwa ndimu na kitunguu saumu. Babu alinung'unika, nami simlaumu.

Siku moja goti likamuuma, akataka anunuliwe diklofenaki. Binti akasita. "Babu, dawa ile huzuia maji mwilini. Tumuulize daktari kwanza." Wakauliza, wakapewa nyingine.

Nanyi mkimwona mkubwa anakosa pumzi hata akiwa ameketi, kifua kinamuuma, au amezimia, msingoje kupambazuke. Amsheni watu, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.