Diani bila gari: nauli hueleweka hadi Ukunda tu

Mgeni anayekwenda Diani bila gari hana taabu kubwa mpaka Ukunda. Feri ya Likoni haimtozi anayevuka kwa miguu, na ng'ambo ya pili makanga wanaitia Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga tangu alfajiri. Nauli hupanda mvua ikinyesha au sikukuu zikikaribia, lakini aliyezidishiwa hushtuliwa na abiria wenzake.

Mambo hubadilika njia panda ya Ukunda. Ufukweni ni kilomita chache tu, ila bei za tuktuk na bodaboda hazikubandikwa popote. Mwenye begi la magurudumu hutajiwa yake, mfanyakazi wa hoteli akatajiwa nyingine. Bajeti ya likizo huvurugikia hapo, na wengi huanza kuulizia gari la kukodi.

Hata hivyo mkodishaji mmoja wa Diani, aliyeomba asitajwe, anasema biashara imemkaba. Analipia bima ya kukodisha, ambayo ni ghali kuliko ya gari la nyumbani, kisha analipa leseni na pango. Pembeni yake mtu anatangaza gari lake binafsi mtandaoni, bila leseni, kwa bei ambayo yeye akiitoza anakula hasara. Masika yakiingia magari yake hulala uani, na mkopo wa benki unaendelea kukatwa. Wateja wenyewe wamebadilika: gari wanalichukua siku moja ya kwenda Shimba Hills au Shimoni, siku zilizobaki wanapanda tuktuk. Anataka tuktuk zibanwe.

Kuhusu bima ana haki, maana ajali ikitokea katika gari lisilo na bima ya kukodisha, anayeumia ni mteja. Kuhusu tuktuk hana. Hakuna atakayekodi gari la kutwa kwa ajili ya kwenda sokoni Ukunda.

Maafisa nao wanaielekeza mikono yote kwenye barabara ya Dongo Kundu. Mmoja wao, wa upande wa uchukuzi, anashikilia kwamba barabara hiyo imeshamaliza kilio cha wageni wa kusini. Ni kweli inaanzia upande wa Miritini, iliko stesheni ya SGR, na kutokea Kibundani bila kugusa feri. Lakini barabara haibebi mtu. Aliyefaidi kwanza ni mwenye gari, teksi au basi la hoteli. Mwenye matatu hufuata abiria wa kila siku, hawezi kuishi kwa wageni wa Agosti na Desemba. Afisa hakueleza nani atawabeba waliobaki.

Huenda mambo yakatengemaa idadi ya wageni ikiongezeka, ingawa ahadi hiyo si ngeni katika kaunti hii ya Kwale. Kwa sasa, anayekaa Diani tu atumie matatu na tuktuk. Familia kubwa inayotaka kufika Msambweni, Shimoni na mbugani ikodi gari kwa siku hizo, na iulize bima kabla ya kulipa. Kaunti nayo ibandike nauli pale njia panda ya Ukunda. Ni kazi ya ubao mmoja na rangi.