Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi

Katika mitaa yetu ya pwani, tangu Lamu hata Vanga, mtu akiugua nyumba yake haikauki wageni. Huyu huja na uji, yule na matunda, na kila aingiaye huuliza, "Mgonjwa hajambo?" Akisha kujibiwa huketi kidogo, huomba dua, kisha huaga akenda zake. Ni nadra kumsikia mtu akimgeukia yule bibi mzee aketiye kando ya kitanda na kumwuliza, "Na wewe, mama, jana ulilala?"

Bibi huyo huenda naye ana miaka sabini. Mumewe amepatwa na kiharusi, au ameingiwa na maradhi ya kusahau, hata wanawe hawatambui. Yeye ndiye wa kumwinua, kumtia tohara, kumlisha, na kuamka usiku mara tatu au nne. Baada ya mwaka mmoja au miwili, mambo huanza kumpotea. Chumvi hutiwa mara mbili chunguni, funguo hazionekani, na katika swala huingiwa na shaka kama amesali rakaa tatu au nne. Watu husema, "Ni uzee huo." Lakini si kila mara.

Mtu akiwa katika dhiki, mwili wake hutoa homoni iitwayo kotisoli. Kwa muda mfupi humfaa, kwani humpa nguvu za kuikabili shida. Lakini dhiki ikidumu miezi na miaka, humharibia usingizi, humpandisha damu, na huielemea ile sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu.

Mwaka 2010 wataalamu wa Utah, Marekani, walitangaza habari za jozi 1,221 za wake na waume, wote wa miaka 65 na zaidi, waliowafuatilia kwa miaka mingi. Waliona kwamba aliyekuwa na mwenzi mwenye maradhi ya kusahau alikuwa na hatari ya kuyapata naye iliyozidi ya wengine mara sita. Hii haina maana kwamba dhiki ndiyo sababu pekee, kwani mke na mume hula chungu kimoja na kuishi maisha mamoja. Hata hivyo, ni onyo.

Uchunguzi mwingine, uliotolewa mwaka 1999, uliwatazama wazee waliowauguza wake au waume zao. Katika miaka minne, wale waliolemewa na kazi hiyo walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi ya wasiouguza kwa asilimia 63. Lakini waliouguza bila ya kulemewa hawakuonekana kuwa na hatari hiyo. Basi kinachodhuru si kuuguza, bali ni kuachiwa mzigo peke yako.

Wako wanaodhani kuwa kulalamika ni kukosa subira. Na tukumbuke kisa cha Salman na Abu Dardaa, ambacho kinatufunza kuwa hata nafsi ya mtu ina haki juu yake. Kumpumzisha mwenye kuuguza ni kumpa haki yake.

Wana na wajukuu wagawane usiku, kila mmoja zamu yake. Jirani akileta chakula, alete na cha mwenye kuuguza. Bibi apate saa mbili za kwenda darasani au harusini, na mzee anayemwuguza mkewe apate kwenda barazani. Apimwe naye presha. Akianza kusahau, apelekwe kwa daktari, kwani kukosa usingizi, huzuni nyingi, maradhi ya tezi au upungufu wa vitamini huweza kumsahaulisha mtu, na yote hayo yana tiba.

Siku utakapokwenda kumtazama mgonjwa, ukisha kuuliza hali yake, usiondoke. Uliza na la pili.