Kangaga la Milimani na Mapambo ya Altare

Kila tukaribiapo sherehe kubwa, wapambaji wetu hutafuta majani mabichi, na macho huelekea milimani. Majani marefu yaliyochanika kama manyoya yakiwekwa kanisani hupendeza kweli. Ni vema tujue yametoka wapi.

Mengi ni ya kangaga lenye shina, ambalo wanabotania huliita Cyathea manniana. Huota kando ya vijito katika misitu yenye ukungu ya Ukaguru na Rubeho, juu ya Kilosa, penye kivuli na udongo usiokauka. Halina ua wala mbegu. Chini ya majani yake mna vidoa vyenye vumbi laini. Chembe yake ikiangukia udongo wenye unyevu, huota kimmea bapa kidogo kama ukucha, na juu ya hicho, maji yakiwapo, ndipo kangaga lenyewe huzaliwa. Shina lake hufanywa nguzo kwa kuwa halioozi upesi, na nyuzi zake hupandiwa okidi. Biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Wengi hatujui kwamba shina hilo kwa kawaida lina kichipukizi kimoja tu, kileleni. Ukikata jani moja la pembeni, litaishi. Ukikata kilele chote, limekufa. Nasi tumewahi kupokea mlangoni mwa sakristia mzigo mzima wa vilele, tukashukuru, tukavipanga. Tulikosa.

Vijito hivyo ndivyo vinavyoulisha mto Mkondoa. Kilosa haijasahau mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyoziacha familia nyingi bila makazi na kuikata reli ya kati. Kangaga peke yake halizuii mafuriko, tusidanganyane. Lakini kingo za vijito zikivuliwa mimea yake, udongo huteremka na maji. Tena sehemu kubwa ya misitu hiyo ni hifadhi, na kuchukua mimea humo huhitaji kibali.

Njia nyepesi ipo. Yako makangaga mafupi ya bustanini, aina ya Nephrolepis, yanayotoa nyuzi zitambaazo na kuzaa machipukizi mapya kila upande. Ng'oa chipukizi na mizizi yake, lipande katika chungu chenye matundu chini, kwa udongo uliochanganywa na majani yaliyooza, uliweke upande wa kanisa usiopigwa jua la mchana. Kilosa mjini hukua bila taabu. Mikumi, kwenye joto na upepo mkavu, mwagilieni asubuhi na jioni wakati wa kiangazi, la sivyo ncha za majani zitaungua.

Maelekezo ya Misale ya Roma yanataka mapambo ya kiasi, yawekwe kuizunguka altare badala ya juu yake. Vyungu viwili vinatosha. Wakati wa Kwaresima altare haipambwi kwa maua, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Masika nayo huwa karibu kuanza. Basi huo ndio wakati wa kuyagawa machipukizi na kuyahamishia katika vyungu vipya, ili Pasaka ijayo pasiwe na haja ya kupanda mlimani.