Mvinyo, Busaa na Sheria (Sehemu ya Nne): Ufaransa Ilivyoikabili Pombe Ghushi

Tangu Serikali ya Kenya itangaze sera mpya ya pombe na dawa za kulevya mnamo Julai 2025, mjadala umekuwa mmoja hapa Kondele, Kisumu: je, umri wa kununua pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21? Nitaligusa hilo. Lakini liko swali linalotangulia umri, nalo Wafaransa walilijibu baada ya damu kumwagika: kilichomo ndani ya glasi ni nini hasa?

Waliofuatilia makala zilizopita wanajua kwamba wekundu wa mvinyo hutoka kwenye maganda ya zabibu, na kwamba ukakasi wa maganda hayohayo huusaidia mvinyo wa Bordeaux kukaa miaka mingi bila kuharibika. Leo tutazame jinsi mvinyo wa Ufaransa ulivyonusurika.

Kuanzia miaka ya 1860, filoksera, mdudu mdogo kutoka Amerika, alishambulia mizizi ya mizabibu ya Ufaransa. Mashamba yalipokauka, walaghai wakapata mwanya. Waliloweka zabibu kavu kutoka nje, wakatia sukari, wakauza maji hayo kwa jina la mvinyo. Hata mizabibu ilipostawi tena kwa kupandikizwa kwenye mashina ya Kimarekani, ulaghai haukukoma. Bei ikaporomoka, na wakulima wa Languedoc, kusini mwa Ufaransa, wakazama katika madeni.

Mwaka 1907 Marcelin Albert, mkulima na mwenye mkahawa wa kijiji cha Argeliers, aliwaongoza wenzake kuandamana. Tarehe 9 Juni watu wapatao laki tano au zaidi walifurika Montpellier. Siku chache baadaye askari waliwapiga risasi raia mjini Narbonne, na wanajeshi wa kikosi cha 17, wengi wao wana wa wakulima haohao, wakaasi na kuandamana hadi Béziers.

Serikali ilisalimu amri. Sheria ya 29 Juni 1907 ilimtaka kila mkulima atangaze mavuno yake, na mnamo Septemba ikaamriwa kwamba mvinyo ni kile tu kilichochachuka kutokana na zabibu mbichi au maji yake. Mwaka 1935 yakawekwa masharti ya kulinda majina ya mahali mvinyo unakotoka.

Busaa, pombe yetu ya kienyeji, nayo ina kanuni zake. Unga wa mahindi huloweshwa siku kadhaa uchachuke, hukaangwa juu ya bati hadi uwe wa kahawia, kisha huchanganywa na maji na kimea cha wimbi. Baada ya siku chache huchujwa. Iliyo bora hutanguliza harufu ya unga uliokaangwa, halafu uchachu kama wa maziwa lala. Wazee wa Kijaluo waliizunguka nyungu moja, kila mmoja na oseke wake, ule mrija mrefu. Aliyezidisha alionekana na wote, akakanywa. Mfaransa anayeinywa glasi yake polepole pamoja na chakula hana adabu inayoizidi hiyo.

Sisi tulifuata njia gani? Sheria ya 1980 ilipiga marufuku chang'aa, pombe kali ya kienyeji, nayo ikaendelea kupikwa mafichoni. Novemba 2000, pombe yenye sumu ya methanoli iliua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi. Sheria ya 2010 ikaihalalisha chang'aa, lakini kwa masharti ya chupa na leseni ambayo mama pima, mwanamke anayeiuza mtaani, hana mtaji wa kuyatimiza.

Kuhusu umri, naunga mkono miaka 21. Hata hivyo, methanoli haimuulizi mtu kitambulisho. Naliomba Bunge la Kaunti ya Kisumu lifanye lililofanywa na Ufaransa mwaka 1907: lieleze kisheria busaa ni nini, limpe mpishi mwaminifu leseni anayoimudu, na limkabili anayetia sumu kwa ukali wote. Nawe msomaji, usinywe kitu ambacho aliyekitengeneza hawezi kukuambia amekitengeneza kwa kutumia nini.